Kabla ya Kupiga Windows Upya: Maswali na Majibu

Tangu Windows 10 iachwe bila masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, maswali yanayofika hapa kutoka Malindi na Amu yamekuwa ya ukoo mmoja: laptopu imesafishwa, Windows ni mpya inang'aa, na barua hazipo. Nitajibu yale yatakayowafaa wengi. Jambo moja nalitanguliza ili nisilirudie chini ya kila swali: nakala ambayo hujaifungua kwenye mashine nyingine ukaisoma, usiihesabu kuwa nakala. Fungua kwanza, ndipo ufomati.

Nashika mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Malindi. Barua zote za wageni ziko kwenye Outlook ya kompyuta ya ofisi. Fundi anakuja Jumamosi kuweka Windows 11. Nikinakili Desktop na Documents, inatosha?

Haitoshi, dada, na ni vizuri umeuliza kabla ya Jumamosi.

Fungua Outlook ile ya zamani (classic), si ile mpya, ingia File, kisha Account Settings, utazame safu ya Type mbele ya anwani yako. Ikiwa imeandikwa IMAP au Exchange, barua zenyewe zimekaa kwenye seva, na ukiingia tena kwenye Windows mpya zitateremka. Ikiwa imeandikwa POP, hali ni nyingine kabisa. POP huteremsha barua kwenye kompyuta na, isipoamriwa kuziacha, huzifuta kwenye seva. Barua ya mgeni ya mwaka 2017 basi haipo popote duniani isipokuwa ndani ya faili moja yenye mkia wa .pst.

Faili hiyo iko wapi? Tangu Outlook 2010, kwa kawaida huwa ndani ya Documents, folda ya Outlook Files. Lakini akaunti iliyofunguliwa enzi za Outlook 2007, ikapandishwa toleo baada ya toleo, huenda bado inaandikia C:\Users\jina lako\AppData\Local\Microsoft\Outlook. AppData ni folda iliyofichwa, na fundi anayenakili anachokiona kwa macho hataifikia. Usikisie. Palepale Account Settings kuna sehemu ya Data Files inayoonyesha njia kamili ya kila faili. Ipige picha kwa simu.

Mtego wa pili humnasa hata mwenye IMAP. Kwenye akaunti ya aina hiyo, Outlook huweka majina ya watu na kalenda katika folda zilizoandikwa This computer only, na maneno hayo yamaanisha hivyo hivyo: hazipandi kwenye seva hata siku moja. Zimo ndani ya faili ya .ost, na .ost haihami. Ni kivuli cha akaunti kwenye Windows ile ile. Ukiipeleka kwingine Outlook haiifungui. Kwa hiyo zitoe mapema: File, Open & Export, Import/Export, Export to a file, chagua Outlook Data File, kisha jina la juu kabisa la akaunti yako, tia alama kwenye Include subfolders, na uhifadhi kwenye diski ya nje.

Funga Outlook kabisa kabla ya kunakili .pst yoyote, maana ikiwa wazi Windows itagoma ikisema faili inatumika. Tena ukiona flashi ya GB 64 inakataa faili ya GB 5, flashi haijaharibika: imefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Ifomati kwa exFAT, baada ya kutoa kila kilichomo.

Kwenye Windows mpya, usiingize barua kwa Import. Watu huingiza, wakingoja wanapata wasiwasi, wanaingiza tena, na kila barua inakuwa pacha. Hamishia .pst zako Documents, moja moja, kisha File, Open & Export, Open Outlook Data File. Usizifungulie kwenye flashi yenyewe. Flashi iking'olewa Outlook ikiwa katikati ya kuandika, faili inaharibika. Na sahihi zako za chini ya barua ziko AppData\Roaming\Microsoft\Signatures. Hizo nazo uzibebe, kuziandika upya ni kazi ya asubuhi nzima.

Fundi anasema nisijali, data iko kwenye D, na yeye anafomati C tu.

C na D mara nyingi ni vyumba viwili vya diski moja. Diski ikifa, vimekufa vyote. Na kuna hatari iliyo karibu zaidi: ile skrini ya kuchagua pa kuweka Windows haina herufi za C wala D. Inaandika Disk 0 Partition 1, 2, 3 na ukubwa wake. Fundi mwenye haraka akichagua kwa mazoea, anafuta chumba chenye picha za harusi. Andika ukubwa wa kila chumba kwenye karatasi kabla ya kuanza, na nakili D pia.

Mimi ni mwalimu, Mambrui. Natumia Thunderbird kwa barua pepe. Nilinakili folda nzima ya Profiles kutoka AppData\Roaming\Thunderbird, nikairudisha mahali pake baada ya kufomati. Thunderbird inafunguka tupu kama ndiyo kwanza inazaliwa.

Mwalimu, barua zako zipo, na wewe umefanya kazi kubwa kuliko wengi. Tatizo ni kwamba Thunderbird mpya ilipofunguliwa mara ya kwanza ilijitengenezea wasifu (profile) mpya wenye herufi za kubahatisha mbele ya jina, na faili ndogo ya profiles.ini ikaelekezwa huko. Wasifu wako wa zamani umekaa pembeni, hakuna anayeuita.

Funga Thunderbird. Bonyeza Windows na R pamoja, andika thunderbird.exe -P, herufi P iwe kubwa. Kwenye dirisha litakalotokea tengeneza wasifu mpya, lakini kabla ya kumaliza bonyeza Choose Folder na uonyeshe folda yako ya zamani, ile yenye Mail na ImapMail ndani yake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaonyesha folda ya juu yake, nayo inafunguka tupu tena.

Ikikuambia kuwa toleo hili ni la zamani kuliko wasifu, iamini. Wasifu uliotumiwa na toleo jipya haurudi nyuma, na ukiulazimisha unaweza kuharibika. Weka toleo lililo sawa na la awali au jipya zaidi. Nywila zimo kwenye faili mbili, logins.json na key4.db, moja bila nyingine ni kufuli bila ufunguo.

Thunderbird pia ina Tools, Export, inayofunga kila kitu katika zip moja. Ni rahisi, ila inakomea GB 2. Mwenye barua za miaka mingi anakili folda kwa mkono kama ulivyofanya, na kabla ya hapo apige File, Compact Folders, kwa sababu barua ulizofuta hubaki ndani ya faili zikichukua nafasi mpaka ufanye hivyo.

WhatsApp ya laptopu nitaihamishaje?

Swali hili limerudi tena, na jibu ni lile lile: huihamishi. Mazungumzo yako yako kwenye simu. Kwenye Windows mpya unaunganisha upya kupitia Linked devices, na sehemu ya mazungumzo ya nyuma inajileta yenyewe. Kitu cha kunakili ni nyaraka ulizozipakua kwenye Downloads. Kama una hofu ya kupoteza ujumbe, hofia simu, na hakikisha nakala yake ya Google Drive ni ya wiki hii.

Niko Langoni, Amu. Nimeshafomati, na sasa ndipo nakumbuka folda ya hesabu za mashua ilikuwa Desktop. Kuna njia?

Zima mashine sasa hivi, ndugu yangu. Maji yamemwagika, lakini hatujui kama yote. Kila dakika Windows mpya inapofanya kazi inaandika juu ya ya zamani.

Kwanza jiulize kama kweli ulifomati, au uliweka Windows mpya juu ya chumba kile kile bila kukifuta. Ikiwa ni hili la pili, kuna folda inayoitwa C:\Windows.old. Ndani yake kuna Users, kisha jina lako, kisha Desktop, na hesabu zako zimekaa humo kama ulivyoziacha. Windows ikikuuliza ruhusa bonyeza Continue. Zitoe leo, kwani Windows huweza kuifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku 10.

Ikiwa chumba kilifomatiwa, inategemea diski. Diski ya kuzunguka, ile inayosikika ikinguruma, inabaki na data mpaka iandikwe juu. Itoe, iunganishe kwa waya wa USB kwenye kompyuta nyingine, na uendeshe programu kama PhotoRec ukiokolea kwenye diski ya tatu. Faili zitarudi bila majina yake, kwa hiyo jiandae kufungua mamia kuitafuta moja. Ikiwa ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, nasikitika: ikifomatiwa, Windows huiambia kwa amri ya TRIM kuwa nafasi hiyo ni tupu, nayo huisafisha yenyewe baada ya muda mfupi. Mtu atakayekuahidi kuirudisha baada ya wiki anataka pesa zako.

Nilinakili folda ya Chrome yote. Alama za kurasa zimerudi, nywila zimekataa.

Chrome hufunga nywila kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows, na ufunguo ule umekwenda na Windows ya zamani. Fungua passwords.google.com kwenye simu. Ukizikuta huko, ingia tu kwenye akaunti yako ya Google katika Chrome mpya na uwashe usawazishaji. Usipozikuta, wengine wajifunze: kabla ya kufomati, kwenye mipangilio ya nywila za Chrome kuna Export passwords, inayotoa faili ya .csv.

Faili hiyo haina kufuli. Yeyote anayeifungua anasoma nywila ya benki, ya barua pepe na ya kazini, mstari kwa mstari. Usiifungulie saiba wala usimpe fundi flashi ikiwa humo. Iingize kwenye kivinjari kipya, ifute, kisha badilisha nywila ya barua pepe na ya benki hata kama hudhani imeonekana.

Laptopu ya binti yangu ilikufa. Tukatoa diski, tukaiunganisha kwenye nyingine, inadai ufunguo wa tarakimu 48.

Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, na Windows 11 nyingi hujiwekea zenyewe bila kumuuliza mwenye mali. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha mashine mara ya kwanza. Ingieni account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa anwani hiyo.

Sasa onyo kwa wasomaji wote. Mafundi wengine huwasha laptopu ya mteja kwa akaunti yao wenyewe ili wamalize haraka. Maana yake ufunguo wa diski yako umelala kwa fundi, na siku amebadilisha namba ya simu, picha zako zimefungwa milele. Kaa naye mpaka hatua ya akaunti, andika anwani yako mwenyewe. Na kwa mashine ambayo bado inawaka, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: kisha nakili zile tarakimu kwenye karatasi na uziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Nimerudi kutoka saiba, flashi yangu yote imekuwa njia za mkato (shortcuts) za KB 1 au 2.

Usibofye hata moja, la sivyo utaiambukiza Windows mpya siku yake ya kwanza. Folda zako zipo, zimefichwa. Ikiwa flashi ni E, andika kwenye Command Prompt: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na zitaonekana. Nakili nyaraka zako tu, acha kila chenye .lnk, .vbs na .exe, kisha ifomati flashi.

Windows mpya haioni Wi-Fi, na draiva, zile programu za kuendeshea vifaa, ziko mtandaoni.

Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Windows Update itateremsha draiva. Safari nyingine, kabla ya kufomati, tengeneza folda E:\draiva na uandike, kama msimamizi, pnputil /export-driver * E:\draiva.

Diski ya nje yenye nakala niifute lini? Naihitaji.

Nunua nyingine kama unaweza. Kama huwezi, subiri mpaka umefunga hesabu za mwezi, umetuma barua kwa mteja wa zamani, umechapisha na umeingia kila akaunti unayoitumia kwa nadra, pamoja na ile ya kodi. Upungufu huonekana siku ya kuhitaji kitu, na siku hiyo si ile ya kufomati. Muda wote huo usiiache juu ya meza karibu na dirisha la baharini. Chumvi hula vichwa vya USB kabla hujaona kutu; iweke ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.