Hashtagi yako inakatikia kwenye ritifaa

Msomaji anayeuza ng'ombe wa maziwa ameuliza mbona #Ng'ombeWaMaziwa haimletei wateja. Angalia rangi baada ya kuchapisha: iliyogeuka buluu ni #Ng peke yake. Ritifaa, yaani ile alama ya ' katika ng', huhesabiwa alama ya uandishi, na hashtagi hukomea hapo, kama inavyokomea kwenye nafasi, kistari au nukta. Simu ikiibadilisha iliyonyooka (U+0027, namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta) kuwa iliyopinda (U+2019), mambo ni yaleyale. Ipo ya tatu, U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi, lakini nani ataichapa akitafuta ng'ombe? Achana nayo.

Andika #NgombeWaMaziwa, kama wa Murang'a wanavyoandika #Muranga. Ila chunga neno lisigeuke jingine. Fundi cherehani anayetaka wateja wake wang'are, akiandika #Ngara, atajikuta kati ya picha za Ngara ya Kagera na Ngara ya Nairobi. Aongeze neno: #NgaraNaKitenge.

Kuhusu herufi kubwa na ndogo, mitandao mikubwa haitofautishi. #NGOMBEWAMAZIWA na #ngombewamaziwa hufungua ukurasa uleule, kwa hiyo kubandika zote mbili ni kujaza nafasi bure. Hata hivyo anza kila neno kwa herufi kubwa, maana kisoma skrini kama TalkBack, programu inayowasomea wasioona, hupata pa kutenganisha maneno. Macho nayo pia: alipofariki Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, mwaka 2013, #nowthatchersdead ("now Thatcher's dead", sasa Thatcher amekufa) ilisomwa "now that Cher's dead" na kuwafanya baadhi ya watu wadhani aliyekufa ni mwimbaji Cher.

Kinachoudhi zaidi ni zile herufi nene za mapambo zinazonakiliwa kwenye tovuti za "fonti". Si fonti hata kidogo! 𝗡 hiyo ni U+1D5E1, alama ya hisabati. N ya kawaida ni U+004E. Katika Unicode 𝗡 haina herufi ndogo yake, hivyo kanuni ya kubwa na ndogo haiigusi. Mtandao usioigeuza kuwa N utakutengea ukurasa wako peke yako, na kisoma skrini kinaweza kuiruka kabisa. Unapamba duka lisilo na mlango.

Emoji ndani ya hashtagi hukubaliwa Instagram tangu 2015. X huikatia hapo. X pia haitambui tarakimu tupu: #2025 hubaki maandishi, #Maonesho2025 hushika.

Ukiona imekatika na huoni alama yoyote, huenda umenakili na nafasi isiyoonekana, U+200B. Futa yote, uichape upya kwa mkono.