Jukwaa linayumba, foromani asema mikanda inatosha

SWALI: Tunapiga plasta nje ya jengo la ghorofa nne huku Embakasi. Jukwaa ni la miti ya mkaratusi, tunakanyaga mbao za inchi sita kwa moja. Tangu mvua ya juzi linayumba tukipanda. Foromani ameleta mikanda ya usalama, anasema tujifunge tuendelee na kazi. Inatosha? – Fundi wa plasta

JIBU: Haitoshi, ndugu fundi. Shukeni kwanza, mtazame miguu ya jukwaa. Udongo mweusi wa Embakasi ukilowa hulegea, na nguzo iliyosimama juu ya udongo mtupu huzama, moja ikiizidi jirani yake, hadi jukwaa zima linainama. Kipande cha tofali chini ya nguzo hupasuka au kuchomoka. Shindilieni ardhi, mlaze ubao mnene unaobeba nguzo mbili au zaidi kwa pamoja, na mchimbe mtaro maji yasituame.

Kuyumba pia huja pale jukwaa lisipokamatwa na jengo. Kamba kwenye fremu ya dirisha si kitu. Pitisheni mti dirishani, mwisho wake ufungwe ndani kwenye mti mwingine uliokingama, mrefu kuliko upana wa dirisha. Fanyeni hivyo kila mita 4 kwenda juu na kila mita 6 kwenda kando, kisha mfunge miti ya mshazari kuanzia chini.

Mbao za sita kwa moja ni za kuzungushia zege linapomwagwa, si za kukanyaga. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanganyiko wa simiti hukaribia kilo 40. Ndoo mbili na mafundi wawili, tayari mmepita kilo 200 juu ya inchi moja ya mbao! Tumieni za inchi 2, mihimili (miti inayobeba mbao) isiachane zaidi ya mita 1.5. Ncha ya mbao ipite mhimili kwa sentimita 5 hadi 20: ikipungua huteleza, ikizidi hubinuka ukiikanyaga. Reli ya mkono iwe kama mita moja juu ya mbao.

Sasa mikanda. Ukifunga ndoano kwenye jukwaa bovu, likianguka mnaanguka pamoja. Ifungeni kwenye nguzo ya zege ya jengo. Tena, kamba ya mita 2, kifyonza-mshtuko (kipande kilichokunjwa kwenye kamba, hufunguka kupunguza kishindo) kikishafunguka, pamoja na urefu wa mwili, huhitaji zaidi ya mita 6 wazi chini ya ndoano. Kwa hiyo mkiwa ghorofa ya kwanza utafika chini kabla mkanda haujakukamata. Hapo kinga yenu ni reli.

Jukwaa likaguliwe kabla ya kutumika, kila baada ya siku 7, na baada ya mvua kubwa.

SWALI: Foromani akikataa? Na mkanda tununue wenyewe?

JIBU: Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umwarifu msimamizi wako kuhusu hatari kubwa, na haimruhusu mwajiri kuwarudisha kazini kabla hajairekebisha. Vifaa vya kujikinga ni juu yake. Akileta mkanda uliotumika, kagua mishono. Uliowahi kumdaka mtu akianguka hautumiki tena, hata ukionekana mpya.