Tangi la matumbawe: maji nibadilishe kila baada ya siku ngapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nina tangi la maji chumvi la lita 200, lina samaki wawili wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na matumbawe laini machache, sa hivi lina miezi minne. Kila mwisho wa mwezi natoa nusu ya maji naweka mapya. Hapo katikati maji yanashuka kama lita moja hivi kwa siku, najazia hadi kwenye alama kwa maji ya chumvi niliyochanganya kwa kipimo kabisa. Sasa wiki ya mwisho ya mwezi matumbawe yananywea, na nikibadilisha maji ndo yanajifunga siku mbili nzima. Rafiki yangu anasema nibadilishe kila wiki, aliyeniuzia tangi anasema hata miezi mitatu poa tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa hilo la siku msikilize rafiki yako, ila tatizo lako haliko hapo, liko kwenye hiyo lita moja ya kila siku. Manake yanayopotea hewani ni maji matupu, chumvi yote inabaki ndani, afu we unaongezea nyingine juu yake. Twende kwenye hesabu: maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, basi kila siku unatia gramu 35, mwezi ukiisha ni kilo moja na kidogo. Gawa kwa lita 200, unapata gramu 5 zaidi kwa kila lita, kutoka 35 umeshafika 40, ukitoa nusu inaporomoka siku hiyohiyo afu inaanza kupanda tena, na mwezi unaofuata inaanzia juu kuliko mwanzo. Samaki atavumilia vumilia, tumbawe litajifunga tu, litaenda wapi?

Kuanzia leo jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO (ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba unaobakiza nyuma karibu kila kilichoyeyuka), sio ya bomba moja kwa moja, yale yana klorini na pengine shaba, na shaba hata kidogo inaua konokono na matumbawe. Kisha pima chumvi kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi kwenye maji. Ukikuta 40 usiishushe kwa mpigo: toa lita 5, weka lita 5 za maji hayo matupu, inashuka kama gramu moja kwa lita, rudia kesho na keshokutwa hadi ufike 35.

Baada ya hapo, lita 20 kila wiki. Kuna wanaopenda lita 40 kila wiki mbili na mambo yao yanaenda, ila mi naona tangi changa linapenda mabadiliko madogo madogo. Na usitegemee miujiza, ukitoa asilimia 10 ya maji umetoa asilimia 10 ya nitreti (uchafu unaotokana na chakula na kinyesi cha samaki) basi, kama ilikuwa 40 inabaki 36, kwa hiyo punguza na chakula. Bakteria wazuri usiwahofie, wengi wao wanakaa kwenye mawe na mchanga, sio kwenye maji.

Maji mapya changanya jana yake kwenye ndoo yenye pampu na hita, yawe na joto lilelile la tangi, kama nyuzi 25 au 26, na chumvi kavu usimwage kwenye tangi hata siku moja. Ukianza kunyonya maji zima hita kwanza. Mi niliwahi kusahau, maji yakashuka hita ikabaki juu inawaka, kumwaga maji mapya tu, paa! Kioo cha hita chote mchangani, nikakesha naokota vipande.

Huyo muuzaji naye hajadanganya kabisa, wapo wanaokaa miezi bila kubadilisha, lakini hao wana skima kubwa (mashine inayotoa uchafu kwa povu), wanapima alkalini na kalsiamu, vile ambavyo matumbawe yanatumia kujenga mifupa, kila mara na kuongeza wenyewe. We bado hujafika huko.