Jibu: Fundi wa bwawa la kuogelea, Kigamboni

Mkuu, unasema una bei mbili: mmoja anajenga kwa tofali, mwingine kwa zege la nondo, na wa tofali yuko chini sana. Mimi kwa Kigamboni ningeenda na zege, ila kabla ya bei waulize wote: maji ya ardhini watayafanyaje?

Huko karibu na bahari, kipindi cha masika unaweza kuchimba kidogo tu ukakuta maji. Bwawa likiwa limejaa halisumbui. Siku ukiyatoa maji ulisafishe, ya chini yanalisukuma juu. Sakafu inapasuka, au bwawa zima linanyanyuka. Anayejua kazi atachimba kwanza shimo la majaribio, kisha atakueleza valvu ya kupunguza msukumo inakaa wapi. Akicheka tu, achana naye.

Usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) uangalie, ingawa cheti hakizuii kuvuja. Akupeleke kwenye bwawa alilomaliza miaka miwili mitatu nyuma, si la mwezi jana, na uongee na mwenye nyumba yeye asiwepo. Tazama ukutani pale maji yanapoishia: vigae vimeanza kuachia?

Malipo yawe kwa hatua. Mkataba useme bwawa litajazwa na kuachwa wiki nzima kabla ya vigae. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, uone jua linakausha kiasi gani. Bwawa likipungua kuliko ndoo, linavuja. Hela ya vigae usiitoe kabla ya hapo, hata akikuambia vijana wake wamelala njaa.