Kombaini ya mtumba kwa mizinga ya top-bar na Langstroth: angalia msumeno kwanza

Mkuu, umeuliza kama kombaini ya mtumba (mashine moja ya useremala yenye msumeno, randa na kazi nyingine) itafaa kutengenezea mizinga ya nyuki ya top-bar (ya vijiti vya juu ambavyo nyuki hujengea sega) na Langstroth (ya fremu). Inafaa, ila usivutwe na wingi wa kazi zake. Utakaotumia kila siku ni msumeno na randa.

Chomoa waya kwenye umeme, shika shafti ya msumeno uitikise juu chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Beringi zinanunuliwa, lakini nyumba yake, yaani pale beringi inapokaa, ikiwa imelika hiyo ni kazi ya fundi mitambo, na bei ishuke.

Nenda na mbao yako mwenyewe. Pasua vijiti vitano vya top-bar vya upana wa milimita 32, pima kimoja kimoja, kisha vibane pamoja: jumla iwe milimita 160. Vipimo vikipishana, kile chuma cha kuegemezea mbao kimepinda au hakikazi. Nyuki wetu wanataka hiyo 32. Ukiwapa vijiti vya upana tofauti watajenga sega moja kuvuka vijiti viwili, na siku ya kuvuna utakuwa unakata asali pamoja na majana (watoto wa nyuki).

Randa: weka rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili uone kama zinalingana. Visu butu visikutishe, vinanolewa.

Mota ya njia tatu (three-phase) usiiguse kama kwako umeme ni wa njia moja. Kinga ya msumeno mara nyingi utakuta imeng'olewa, tengenezesha nyingine kabla ya kuanza kazi. Na muuzaji anayesema umeme umekatika, huwezi kujaribu leo, huyo achana naye.