Kakako akitoka Kodiaga, anzieni ofisi ya probation

Dadangu uliyeuliza kuhusu kakako anayetoka Kodiaga, ile jela ya Kisumu, mwezi ujao, ati hamjui serikali inasaidia aje na nyumbani wengine hawataki hata kumuona, wacha nikujibu mimi maana nimetoka hapo hapo na sahii niko na kibanda cha fanicha soko la Kibuye. Msaada uko. Shida ni kwamba hakuna mtu anakungoja nao getini, na mwingi unapitia ofisi moja ambayo wengi wetu tunaikwepa, yaani probation.

Watu wakisikia probation wanadhani ni kifungo cha pili. Lakini hiyo idara inaitwa Probation and Aftercare, na hiyo aftercare, yaani kumwangalia mtu baada ya kutoka ndani, ndiyo yenu. Ofisi ziko kila kaunti, mara nyingi karibu na mahakama, na huduma hailipiwi, mtu akikuitisha kitu kidogo jua huyo ni wa mfukoni mwake. Wale wanaosamehewa na Rais au vijana wanaotoka Borstal, ile jela ya vijana, ya Shikusa kule Kakamega wanafuatiliwa hadi nje, lakini mtu aliyemaliza kifungo chake kawaida hakuna anayemkokota kwenda huko, ndiyo maana wengi hawaendi kabisa halafu wanalia ati hawakusaidiwa. Wewe usingoje atoke. Nenda hii wiki, waambie fulani anatoka Kodiaga, nyumbani kuna mgawanyiko, tunaomba afisa aje aongee na wazee. Hiyo ni kazi yao, wanafika kwa familia, kwa chifu, hata kwa yule aliyekosewa kama yuko tayari kuongea.

Na hiyo tarehe yenyewe ihakikishe kule jela, ofisi ya dokumentesheni, si kwa kuhesabu vidole. Mtu akikaa vizuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, hiyo remishen mnayoisikia, lakini si kila kesi inapata, na familia nyingi zimefika getini siku yenye si yake. Ukiwa huko ongea na afisa wa welfare. Kama kakako alifanya trade test, ule mtihani wa ufundi, wa useremala, ushonaji au welding, hicho cheti kinatoka NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, si magereza, kwa hivyo ni cheti kama cha mtu yeyote, asiondoke kabla hajajua kiko wapi. Pia kama anameza dawa, ARV au za TB au za kichwa, atoke na barua ya rufaa. Nimeona jamaa anatoka na vidonge vya siku chache halafu anaona aibu kwenda Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, kujieleza upya, dawa zinakatika, na hapo ndipo mambo huharibika, si kwa sababu ya wizi wala nini.

Kitambulisho sasa. Kipande kikiwa stoo ya jela sawa, lakini vingi hubaki polisi tangu siku ya kushikwa, ama vilipotea zamani. Bila hicho hakuna kusajili laini, bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa hata kibarua cha siku mwajiri anashindwa akulipe aje. Chukueni abstract ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha kitambulisho kimepotea, mapema, muende Huduma Centre, na pale pale aulizie mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali.

Kuhusu chifu, najua mtu akitoka ndani hataki kuona ofisi ya serikali hata kwa picha. Mimi nilienda na baba mdogo na afisa wa probation. Asistanti chifu aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akafungua kaunta buku, akauliza nani anasimama na huyu. Baba mdogo akasema mimi, akaweka sahihi na kalamu iliyokataa wino hadi akaisugua kwa kiganja. Hakuna hotuba ilitolewa. Lakini baadaye kuku wa jirani walipopotea na vijana wakaja kwangu moja kwa moja, ni yule yule asistanti aliwauliza mna ushahidi gani, wakatawanyika. Kwa hivyo tafuteni huyo mzee mmoja anayekubali kusimama, hata kama wengine wote wamenuna.

Pesa na vifaa, hapa nisikudanganye. Probation huwa wanapeana vifaa, cherehani, mashine ya kinyozi, vya welding, lakini bajeti ni ndogo na huenda kwa wale wameonyesha wanafanya kitu. Mimi randa na patasi zilikuja nikiwa nimeshapiga msasa vitanda vya fundi mwingine hadi vidole vikawa laini. Aombe jina liandikwe mapema, halafu aendelee na maisha. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwa simu, inaanzia shilingi 500 tu kwa wengi, si mtaji, lakini akilipa kwa wakati limiti inapanda. Makanisa pia, na Prison Fellowship Kenya, hao huwa wanaingia jela, aulize chaplain, mchungaji wa jela, nani anafuatilia watu huku nje. Kama angekuwa dada ningewaambia pia mtafute Clean Start, shirika la kusaidia wanawake waliotoka jela, la Teresa Njoroge, yeye mwenyewe alikaa jela ya wanawake ya Lang'ata kwa hivyo hapo hakuna kuhukumiana.

Kazi za kuandikwa zinaitisha good conduct ya DCI, cheti cha polisi cha kuonyesha kama una rekodi ya kesi, shilingi 1,050 kwa eCitizen, na kesi itaonekana. Kuna watu town watakuambia wanaweza kuifuta kwa elfu kumi, hao ni matapeli, hiyo hela inunue msumeno. Aanzie mahali hakuna anayeitisha karatasi, jua kali, mjengo, kuosha magari, shamba. Huku Kibuye fundi anakuangalia mikono tu.

Kitu moja sijaelewa kwa swali lako, huyo aliyekosewa na kakako ni wa familia ama ni jirani? Maana kama ni wa boma moja, mwambie afisa wa probation kabla hajapanda kuja, na siku ya kwanza kakako alale kwako Nyalenda si huko nyumbani.