Mwanafunzi Alitaje Lengo kwa Maneno Yake

Lengo huandikwa ubaoni, darasa likalisoma kwa pamoja, likalinakili, kipindi kikaendelea. Baadaye muulize mwanafunzi yeyote anajifunza nini. Atakujibu, "Tunafanya zoezi la nne." Hiyo ni kazi aliyopewa, si lengo.

Kumwambia "sema kwa maneno yako" hakusaidii sana. Atabadilisha neno mojamoja, "aweze" iwe "ajue", na uelewa ubaki palepale. Mimi huuliza hivi: utaweza kufanya nini ambacho sasa kinakushinda, na utajuaje kwamba umekiweza?

Wala siulizi mwanzoni mwa kipindi. Tuseme lengo ni kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Asiyewahi kukwama kwenye hesabu ya aina hiyo hana cha kusema juu yake. Kwa hiyo natanguliza swali moja tu: nusu jumlisha theluthi. Wengi hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakapata 2/5. Nawauliza kama hiyo ni kubwa au ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Kelele zinazofuata ndizo ninazozitaka, maana sasa kuna jambo linalowasumbua. Hapo ndipo wanaandika lengo, na hutoka sentensi kama hii: "Nitaweza kujumlisha vipande visivyolingana kwa kuvikata kwanza vilingane. Jibu likiwa dogo kuliko nilichoanza nacho, nimekosea." (Tutakapofika kwenye namba hasi itabidi airekebishe. Kwa leo inatosha kabisa.)

Sentensi ikija imepotoka, usikimbilie kuisahihisha. Mwanafunzi anayeandika "nitaweza kuandika insha ndefu" wakati lengo ni kutetea hoja kwa ushahidi amekufichulia anachokiona kuwa ubora. Mpe insha mbili, moja fupi yenye ushahidi, nyingine ndefu isiyo nao, achague ipi inashawishi na aseme kwa nini. Kisha aiandike upya sentensi yake.

Royce Sadler, mtaalamu wa upimaji kutoka Australia, alieleza mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake mpaka ajue kiwango kinacholengwa, ailinganishe kazi yake na kiwango hicho, kisha achukue hatua ya kuziba pengo. Walimu wengi tunaanzia kwenye hatua: rekebisha hiki, ongeza kile. Mtoto anatii bila kujua anaelekea wapi.

Wanaofundishwa kwa lugha ambayo si ya nyumbani waache wamweleze kwanza jirani yao lengo hilo kwa lugha wanayofikiria. Kuandika kutafuata.

Usifanye haya kila kipindi, yatageuka kuwa desturi tupu. Mimi huyafanya tunapoanza mada mpya, na mada ikiisha kila mmoja huirudia sentensi yake, akakata kilichokuwa si kweli na kuongeza alichokigundua. Sentensi iliyobaki bila mkato wowote ndiyo ninayoifuatilia kwanza: ama alijua tangu mwanzo, ama hakuisoma tena.